Umenikata Jina: Siku Sita za Kupiga Picha Unguja

Siku ya kwanza

Nimevuka asubuhi kutoka Dar es Salaam, saa mbili za boti, begi la kamera likiwa mapajani njia nzima. Ndani mna kamera moja na lenzi moja, ya milimita 35. Lenzi ndefu ya kuvuta nimeiacha Morogoro kwa makusudi. Ilinizoesha vibaya: nasimama mbali, namchukua mtu hana habari, kisha namkata ninavyotaka nikifika kwenye kompyuta. Kwa milimita 35 hilo haliwezekani. Mtu akitakiwa ajae kwenye fremu lazima niwe karibu naye, nimsalimie, anione.

Kazi yangu ya kila siku ni studio ya mtaani. Harusi zipo, mahafali yapo, lakini kinacholipa kodi ya pango ni pasipoti saizi: kichwa, shingo, mabega, basi. Miaka tisa nimekuwa nikikata watu hivyo na mkono umezoea. Hata nikisafiri, binadamu namuona kuanzia kifuani kwenda juu. Safari hii nimejipa kazi moja tu, kuangalia ninachokitupa kila ninapokata.

Nje, kwenye sitaha, alisimama mzee wa kanzu na koti akitazama kushoto kwangu, kisiwa kilipoanza kujitokeza. Nikamwamkia, nikaomba ruhusa, akaitikia kwa kichwa. Picha ya kwanza mstari wa bahari ulimpita shingoni. Wengi wetu tunadhani kosa hilo utalirekebisha baadaye kwa kukata. Halirekebishwi. Upeo wa bahari siku zote unakaa kwenye kimo cha kamera: ukisimama sawa na mtu utampita machoni au shingoni, ukipiga goti utashuka hadi kifuani au kiunoni, na kichwa kitabaki peke yake kwenye anga. Nikapiga goti. Nikamsogeza mzee upande wa kulia wa fremu, nikamwachia bahari mbele ya macho yake.

Akataka kuziona zote mbili. Ya kwanza aliiangalia kidogo tu. "Hapa umenifunga kamba," akasema. Ya pili alitazama sana, akauliza kama naweza kumtumia mwanawe. Namba ninayo kwenye daftari.

Alasiri nimepita Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Kwa mtu wa kazi yangu ni kama kwenda kuzuru. Picha za rangi nyeusi na nyeupe zimefunika ukuta. Nilichokitafuta ni miguu. Mtu wa zamani aliyekwenda studio alikwenda amevaa, na alitaka kuonekana mzima: viatu, pindo la kanzu, zulia chini. Alilipia, na kukatwa hakukuwamo katika mapatano.

Ukilinganisha na zile kadi za posta za zamani za Zanzibar, zilizotengenezwa na studio kama ya Gomes na ya Coutinho mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, unapata hali nyingine. Kule mara nyingi mwanamke anaitwa "mwanamke wa Kiswahili" tu kwa lugha ya kizungu, hana jina wala mtaa. Aliyenunua kadi alikuwa mbali, na fremu ilipangwa kwa ajili yake. Nimelala nikifikiri ni mara ngapi nami nimepiga picha za namna hiyo na kuziita za safari.

Siku ya pili

Darajani, sokoni. Jengo hili la soko ni la mwaka 1904 na mwanga wake ni mgumu: giza chini ya paa, jua kali mlangoni. Mnadani kwa samaki nimekatazwa mara tatu kabla ya kunyanyua kamera. "Usinipige!" Nikaishusha. Nimejifunza kutobishana na neno hilo, na kutojaribu kumzunguka mtu nimchukue kisogo. Kisogo chake ni chake pia.

Muuza pweza mmoja alikubali, kijana wa makamo, mikono imelowa. Hapa nilifanya kosa la kiufundi ambalo kila anayeanza hulifanya. Nilikata fremu kwenye vifundo vya mikono yake. Ukimkata mtu kwenye kiungo, yaani kifundo cha mkono, kiwiko, goti au kifundo cha mguu, jicho linaona kiungo kimeondolewa. Anaonekana kilema. Ukitaka kukata, kata katikati ya fupa: katikati ya paja, katikati ya mkono kati ya bega na kiwiko. Lakini hata hilo halikutosha kwake, kwa sababu kazi yote ilikuwa kwenye vidole. Nikarudi hatua moja nyuma. Meza, pweza, kisu, mizani na uso vikaingia pamoja. Uso ukawa mdogo, na hapo ndipo akaonekana ni muuza pweza.

Jioni Mji Mkongwe, mzee amekaa kwenye baraza ya nyumba yake, nyuma yake mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba. Wageni watatu walisimama mbele. Mmoja alisubiri mzee aondoke ili apate mlango mtupu. Mwingine alimtaka abaki kama pambo la mlango. Hakuna aliyemsalimia. Mimi nilimsalimia, tukakaa, tukazungumza habari za Morogoro alikowahi kufanya kazi, na picha sikupiga. Giza lilikuwa limeshaingia.

Siku ya tatu

Daladala namba 309 hadi Jambiani. Kusi inavuma, makuti yote yamelalia upande mmoja.

Nimekuja kwa ajili ya wakulima wa mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza upande huu wa mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Kinafuata bamvua: mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yanakupwa mbali sana, na shamba linatoka nje. Unguja, wakati wa bamvua, maji huwa chini kabisa kuanzia kama saa nne asubuhi. Kwa mpiga picha hiyo ni saa mbaya, maana jua limeshapanda, mchanga ni mweupe na maji yanang'aa. Kamera ikiona weupe wote huo inadhani kuna mwanga kupita kiasi, inafifisha kila kitu, na uso mweusi unageuka kivuli kisicho na macho. Nimeongeza mwanga kwenye kamera hatua moja na nusu, anga ikaungua ikawa nyeupe tupu. Nimekubali. Anga haikunipa ruhusa ya picha, hawa akina mama ndio walionipa.

Nimetembea nao karibu nusu saa ndani ya maji ya magotini. Kamba zimefungwa kwenye vijiti vilivyopigwa mchangani, na kwenye kamba kuna vipande vidogo vya nailoni wanavyoviita taitai, kila kimoja kimeshika tawi la mwani. Baada ya wiki sita hivi wanavuna. Mama mmoja akanionyesha kamba ambayo mwani wake umekwisha kukatika. Ule mnene, kotonii, wenye bei nzuri, hauvumilii maji yakipata joto. Wengi wamebaki na spinosamu, wenye bei ndogo.

Hapa kukata kunazungumza chenyewe. Nikimkaribia mama huyu nikaujaza uso wake kwenye fremu, napata picha nzuri ya mama wa makamo mwenye jasho. Nikirudi nyuma, nikaiacha kamba tupu ipite kutoka kona ya chini hadi mkononi mwake, napata habari yake. Nimepiga zote mbili, lakini nitakayoitunza ni ya pili.

Wanawake wawili hawakutaka nyuso. Mmoja alisema mumewe hapendi, mwingine hakutoa sababu na sikumuuliza. Ila walisema mikono naweza. Nikapiga mikono ikifunga taitai, vidole vimekunjamana kwa chumvi, kamba imevutwa kwa jino la mwenzake upande wa pili. Hakuna kitu kilichopungua katika picha ile. Kukata kwa kuombwa ni tofauti na kukata kwa kupenda mwenyewe.

Mchana, maji yaliporudi, bibi mmoja alikuwa amekaa chini ya kivuli cha makuti, miguu ameinyoosha mbele, anafunga mbegu kwenye kamba kwa ajili ya kesho. Juu ya miguu ametandaza kanga kwa urefu, kutoka mapajani hadi miguuni, isimchafue. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, karibu kivulini. Tukakaa muda mrefu. Nilipoomba picha alijiweka vizuri ushungi, akaendelea na kazi.

Nilipiga kama kumi. Mjukuu wake, kijana wa sekondari, akaomba nimrushie moja. Usiku, kwenye simu, nikaichagua iliyo nzuri na kuikata kabla ya kuituma. Miguu ilikuwa na mchanga, kando yake dumu la njano na ndala moja. Uchafu, nikaona. Nikakata kuanzia magotini. Ikabaki bibi, mikono, kamba na kipande cha kanga. Kwa kazi ya pasipoti saizi na harusi niliyoizoea, ilikuwa picha safi. Nikaituma. Mjukuu akaiweka kwenye status yake hapo hapo.

Siku ya nne

Nimeamka na simu ya mjukuu. "Bibi anakuita."

Kivulini walikuwa wanawake sita au saba, na kazi ilikuwa imesimama. Bibi hakuwa amekasirika kwa sauti, lakini hakunikaribisha kukaa. Akachukua kanga ya jana kwenye kamba, akaitandaza mbele yangu kwa mikono miwili.

"Soma."

Nikasoma: MDHANIA NDIYE SIYE.

"Sasa soma uliyoipiga."

Kwenye simu ya mjukuu, maneno yaliyoanzia mapajani yaliishia magotini, pale nilipokata. MDHANIA NDIYE.

Sikuwa na la kusema. Msomaji anayevaa kanga au aliyelelewa na wanaovaa ameshaelewa, lakini nataka kuandika kila kitu kwa sababu mimi, niliyelelewa na mama wa kanga, sikuona. Kanga ina pindo, ina mji wa katikati, na ina jina, ule ujumbe ulioandikwa chini. Mwanamke anaponunua doti anachagua jina kabla ya rangi. Analivaa kwa sababu ana wa kumwambia, au kwa sababu hataki kusema kwa mdomo. Bibi huyu, kwa sababu zake ambazo si za kuandikwa hapa, aliinunua kanga hiyo kumsafisha mtu aliyeshukiwa jambo: mnayemdhania siye. Mimi nilimvalisha kinyume chake. Picha yangu ilisema mnayemdhania ndiye. Na mpaka asubuhi hiyo nusu ya majirani walikuwa wameiona.

"Umenikata jina, mwanangu," akasema. "Miguu ungeikata ningenyamaza. Jina la kanga huwezi kukata."

Nikaomba radhi. Mjukuu akaifuta, akaandika maelezo. Nikafungua kamera nitafute picha nzima, nikaona jambo lililoniuma zaidi. Hata kwenye faili lenyewe, kabla ya kulikata kwa simu, nilikuwa nimepanga fremu vibaya. SIYE ilikuwamo, lakini vidole vya miguu vilikuwa nje, na herufi ya mwisho ilikuwa imegusa ukingo wa picha. Nilishaanza kumkata nikiwa nimesimama mbele yake, macho yangu yakiwa usoni tu. Ile ya usiku ilikuwa ya pili.

Ndiyo maana naona ushauri wa "piga pana, utakata baadaye" hautoshi. Una faida zake za hesabu, sikatai. Kamera yangu ina megapikseli 24; nikikata nusu ya upana na nusu ya urefu zinabaki 6, na bado picha ndogo inachapika. Mraba kutoka fremu yangu ya 3 kwa 2 unatupa theluthi nzima ya picha. Mtu anayejua hesabu hizo huacha nafasi pembeni. Lakini nafasi ya pembeni haikusaidii kama hujui ni kitu gani katika mtu huyo hakikatiki. Hilo utalijua kwa kumuuliza, au kwa kukaa naye muda wa kutosha akwambie bila kuulizwa. Kwa mwingine ni jina la kanga. Kwa muuza pweza ilikuwa mizani.

Bibi akakubali tupige tena, kwa masharti yake. Alitandaza kanga mwenyewe, akainyoosha mikunjo. Akamwita mwenzake, mama wa makamo waliyefunga naye mwani tangu kazi hii ilipoanza, akae kushoto kwake. Dumu la njano nikataka kulisogeza. Akakataa, ndimo yalimo maji yao ya kunywa. Ndala ikabaki. Nikalala chini, tumbo mchangani, kamera ikiwa kwenye kimo cha miguu yake, maneno yakawa mbele kabisa, makubwa, na nyuso mbili nyuma yake zikitazama moja kwa moja kwenye lenzi. Nikaacha kiganja kizima cha nafasi kulia baada ya vidole vya mguu.

"Nione," akasema. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikipita juu ya kioo cha kamera. Kisha akasema karibu kivulini.

Siku ya tano

Nusu siku imeishia barabarani, 309 kurudi mjini, halafu 116 kwenda Nungwi. Nimefika jua limeanza kulegea.

Ufukweni pale mafundi wanaunda vyombo vya baharini kama ilivyokuwa tangu zamani, bila ramani ya karatasi. Mkuku, ubao mkuu wa chini wa chombo, umelala juu ya magogo, mataruma yamesimama kama mbavu. Nikamkuta fundi mmoja anachonga ubao kwa tezo, na bila kuulizwa nikajua nisimkate kiunoni: ubao ameushikilia kwa mguu. Nyayo zake zimeushika kama jiliwa, na tezo inashuka karibu na vidole. Picha ya kiunoni kwenda juu ingemwonyesha mtu anapiga hewa. Nikapiga ya kusimama, wima, kichwa hadi nyayo, nikaacha mataruma mawili tu nyuma ili ieleweke anatengeneza nini. Taruma la tatu lilitaka kuota kichwani mwake. Nikasogea kushoto hatua moja likaondoka.

Nikamuuliza, fundi, kuna kitu gani ambacho picha ikikikosa si picha yako? Akafikiri. Akaonyesha keekee iliyoning'inia, ya kutobolea, na mpini wake umelainika kama jiwe la mtoni. "Ya marehemu baba," akasema. Haikuwamo. Nilikuwa nimeiacha nje kwa sentimita chache. Tukapiga upya.

Watoto walikuja wengi, wanataka picha. Nimepiga chache nikiwa nimechuchumaa, macho kwa macho nao, kwa sababu ukimpiga mtoto kutoka juu kichwa kinakuwa kikubwa na miguu inapotea, anaonekana kama kitu kilichodondoka. Wale waliokuwa uchi baharini sikuwapiga. Kwa hao hakuna namna ya kukata itakayofaa.

Siku ya sita

Mjini, duka la kuchapisha picha. Bibi alitaka kubwa ya kuweka ukutani, kwa hiyo nimechagua karatasi ya inchi 5 kwa 7. Nilitaka pia ya mzee wa kwenye boti, ya muuza pweza na ya fundi.

Kijana wa mashine aliifungua ya bibi na bila kuniangalia akabonyeza ijae karatasi. Picha yangu ni ndefu kuliko karatasi ile. Ili ijae, mashine inameza nusu inchi ya urefu, robo kila upande. Kushoto kiwiko cha mwenzake kikaondoka. Kulia ukingo ukasogea hadi kwenye vidole vya mguu, ukasimama unywele mmoja baada ya SIYE.

"Usijaze," nikamwambia.

"Itabaki na mistari myeupe juu na chini, kaka. Haipendezi. Wateja wote wanajaza."

"Iache ibaki."

Akaniangalia, akapunguza. Michirizi miwili myeupe ikatokea, mmoja juu, mmoja chini. Kiwiko kikarudi. Akaniuliza kama nataka akate weupe kwa mkasi. Hilo nikakubali, kwa kuwa ni karatasi tu, nikasimama pembeni yake akikata.

Saa tisa nimeipeleka bahasha kwa konda wa 309. Akauliza kwa nani, nikamweleza nyumba ya bibi kivulini kwa makuti, upande wa pwani, akasema anaijua. Akaivuta picha nje ya bahasha aione. Akasoma taratibu, mdomo ukitembea, kutoka mapajani hadi vidoleni: "Mdhania ndiye siye." Akairudisha ndani, akaiweka mbele kwenye kioo, upande wa dereva, mahali ambapo mzigo wa abiria hauwezi kuifikia.